Sipriani alikimbia: mchungaji au mtu wa mshahara?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristu. Mimi ni katekista, na jumuiya yetu ndogo ndogo inaitwa Mtakatifu Sipriani. Tulipokuwa tunapanga sikukuu ya somo wetu, kijana mmoja alisimama na simu mkononi akasema: “Huyu somo wetu, mateso yalipoanza alikimbia, akajificha mwaka mzima huku waumini wake wakifungwa.” Nilikosa la kumjibu, maana siku zote tumefundisha kwamba alikuwa mfiadini. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, Warumi na Wakristo wa enzi zile walimwonaje kiongozi wa namna hiyo? Halafu, kijana anasema Sipriani alikufa tarehe 14 Septemba. Mbona sisi tunamkumbuka tarehe 16?

JIBU: Milele amina, Mwalimu. Kijana wako amesoma sawasawa. Sipriani alikimbia. Mapema mwaka 250 aliondoka Karthago, mji uliokuwa karibu na Tunis ya leo, na hakurudi hadi baada ya Pasaka ya mwaka 251. Tena kuna jambo ambalo pengine simu haikumwambia kijana: mwaka 258, majuma machache kabla ya kuuawa, alijificha mara ya pili. Huko kujificha kwa pili ndiko kunakotueleza ule wa kwanza ulikuwa nini, lakini tusiruke. Tuanze na mtu mwenyewe.

Jina lake kamili lilikuwa Thascius Caecilius Cyprianus. Alikuwa mwalimu wa ufasaha wa kusema, kazi iliyokuwa na heshima na fedha katika Afrika ya Kirumi, kwa sababu huko ndiko walikopita vijana waliotaka uwakili na vyeo. Alibatizwa akiwa mtu mzima, yapata mwaka 246, akauza sehemu kubwa ya mali yake na kuwagawia maskini. Miaka miwili au mitatu baadaye akawa askofu wa Karthago. Waumini wa kawaida walimtaka kwa kelele. Mapadre watano hawakumtaka. Walikuwa wametumikia miaka mingi, halafu anakuja tajiri aliyebatizwa juzi, anawapita wote. Waweke akilini hao watano, maana watarudi.

Sasa, kiongozi alipimwaje? Mrumi aliyesoma alikuwa na neno moja alilolipenda, constantia: uthabiti, uso usiobadilika mambo yanapobadilika. Na hadithi waliyofunzwa vijana kuhusu uthabiti huo ilitokea Karthago kwenyewe. Jemadari Regulus alitekwa na Wakarthago mwaka 255 kabla ya Kristo. Inasimuliwa kwamba walimtuma Roma kwa kiapo akaombe mapatano; alipofika alilishauri baraza la wazee likatae, kisha akarudi mwenyewe Karthago kufa, kwa kuwa alikuwa ameapa kurudi. Wanahistoria wengi wa leo wana shaka na hadithi hiyo, kwa sababu Polybius, aliyeandika karibu zaidi na matukio, haitaji kabisa safari hiyo. Lakini kwenye malezi hilo halikujalisha kitu. Mwanamume wa kweli alikuwa yule anayerudi Karthago kufa. Mwalimu wa ufasaha asiyemjua Regulus hakuwepo.

Upande wa Kikristo, mambo hayakuwa mepesi zaidi. Tertullian, mwandishi mkubwa wa Karthago wa kizazi kilichotangulia, alikuwa ameandika kijitabu kizima kupinga kukimbia mateso. Kwake, mateso yanatoka kwa Mungu, na anayeyakimbia anamkimbia Mungu. Jerome, mwandishi wa Kanisa wa baadaye, anasimulia kwamba Sipriani hakupitisha siku bila kumsoma Tertullian, na alipotaka vitabu vyake alimwambia karani: “Nipe mwalimu.” Kwa hiyo askofu huyu aliondoka mjini akijua kwamba mwalimu wake wa shule na mwalimu wake wa imani, wote wawili, wangemhukumu.

Kilichomkimbiza ni amri ya Kaisari Decius, iliyotoka kati ya mwisho wa 249 na mwanzo wa 250. Kila mkazi wa dola alitakiwa kutoa dhabihu kwa miungu mbele ya tume ya mji, kisha apewe cheti. Vyeti zaidi ya 40 vya aina hiyo vimepatikana Misri katika mafunjo, yaani karatasi za kale za matete, na maneno yake yanakaribia kufanana: mimi fulani nimekuwa siku zote nikiitolea miungu, na sasa mbele yenu nimemimina kinywaji, nimetoa dhabihu, nimeonja nyama, naomba mthibitishe. Ni fomu ya ofisini tu, na pengine hiyo ndiyo hatari yake. Mtu angeweza kujiambia ni karatasi, kesho nitaungama.

Roma, Papa Fabiano alikufa tarehe 20 Januari 250. Karthago, Sipriani mwenyewe anaandika kwa uchungu kwamba waumini wake walikimbilia uwanjani kutoa dhabihu hata kabla ya kuitwa, na jioni ilipoingia maofisa wakawaambia waje kesho, wakasihi wahudumiwe leo leo. Wengine walibeba watoto wao. Wengine hawakutoa dhabihu, ila walihonga wakapata cheti. Na wapo waliolazimishwa kwa mikono ya watu. Mwanamke mmoja, Bona, alikokotwa na mumewe mwenyewe hadi madhabahuni, wakamshika mikono na kuisogeza, naye akawa analia: “Si mimi niliyefanya, ni ninyi!” Huku watu mjini wakipiga kelele wakitaka Sipriani atupwe kwa simba. Lilitangazwa pia tangazo la serikali la kutaifisha mali za “Caecilius Cyprianus, askofu wa Wakristo”. Akatoweka.

Lawama ya kwanza kali ilitoka Roma, wala haikutoka kwa wapagani. Mapadre wa Roma, ambao askofu wao alikuwa amekufa imara, waliwaandikia mapadre wa Karthago. Wakasema wamesikia kwamba Sipriani ameondoka, na kwamba huenda amefanya vyema kwa kuwa yeye ni mtu mashuhuri. Kisha, kana kwamba wanaongea la kawaida tu, wakakumbusha maneno ya Yohana sura ya 10: mchungaji mwema hutoa uhai wake, mtu wa mshahara humwona mbwa-mwitu akakimbia. Hawakusema nani ni nani. Mswahili angeliita fumbo, na fumbo humfumbia mjinga.

Barua ile ikamfikia Sipriani mafichoni, na jibu lake ni moja ya mambo ninayoyapenda sana katika historia ya Kanisa. Aliirudisha Roma. Aliandika kwamba amepokea barua ambayo haionyeshi wazi nani ameandika wala kwa nani, na kwamba mwandiko wake, maana yake, hata karatasi yenyewe, vimemtia wasiwasi kwamba huenda imechezewa. Kwa hiyo anairudisha ileile, waitazame kama kweli ni yao. Hapo unamwona mwalimu wa ufasaha hajafa ndani ya askofu. Na unaona kiburi pia, sitaficha. Mtu aliyetulia kabisa moyoni asingejibu kwa kejeli tamu namna ile.

Baadaye aliandika utetezi wa kawaida. Katika barua yake nyingine kwenda Roma alisema kwamba ghasia zilipoanza na watu wakawa wanamtaka yeye kwa jina, aliondoka si kwa kujali usalama wake kuliko amani ya ndugu wote, ili kuwepo kwake kusichochee fujo zaidi. Akaambatisha nakala za barua 13 alizokuwa ameshawaandikia watu wake, ili waone kwamba mwili haupo lakini roho ipo. Hoja hiyo kila mkimbizi anaweza kuitoa. Kwa hiyo mwambie kijana wako asiishie kwenye hoja, azisome hizo barua.

Mle ndani hamna hotuba nyingi, kuna kazi. Fedha zake binafsi alizoziacha kwa padre Rogatianus zitumike kwa wajane, wagonjwa na maskini, na wageni wasisahauliwe. Wanaokwenda kuwatembelea wafungwa wasiende kwa makundi, wasije wakazuiwa kabisa. Na mapadre wanaokwenda kuadhimisha Ekaristi gerezani wapokezane na mashemasi, sura zibadilike, askari wasishuku. Miili ya wanaofia gerezani ihudumiwe kwa heshima. Na jambo moja aliloandika ambalo litatufaa mwishoni: andikeni tarehe wanazokufa, ili tuwakumbuke pamoja na mashahidi.

Mtihani wake mkubwa, hata hivyo, haukuwa Decius. Walikuwa waungama imani, yaani wale waliofungwa na kuteswa bila kukana. Desturi ya Afrika iliwapa heshima kubwa: muumini aliyeanguka, yaani aliyetoa dhabihu au kupata cheti, angeweza kwenda gerezani, akaomba mwungama amwandikie hati ya kumwombea arudishwe kwenye ushirika. Mwaka 250 hati hizo zikawa kama njugu. Mmoja wao, Lucianus, alizitoa kwa jina la mwenzake aliyekwisha kufa, tena zikiandikwa “fulani na watu wake wapokewe”, bila kusema hao watu wake ni wangapi. Sipriani alilalamika kwamba kwa maneno hayo watu 20 au 30 wangeweza kujiita jamaa na watumwa wa mwenye hati. Mwishowe Lucianus akamwandikia askofu kwa niaba ya waungama wote kwamba wamewapa amani walioanguka wote, na akamtaka awajulishe maaskofu wengine.

Na wale mapadre watano? Baadhi yao walianza kuwapokea walioanguka mara moja, bila kitubio. Tazama alivyobanwa. Upande huu mtu mwenye makovu ya minyororo anasema nimewasamehe. Upande ule mtu aliyejificha anasema subirini. Warumi walilijua neno auctoritas, ule uzito unaofanya watu wakusikilize hata kabla ya kuamuru, na kwa kipimo chochote cha Kirumi uzito wote ulikuwa gerezani. Sipriani angeweza kukubali na kupendwa, au angeweza kuwafukuza wote. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliwasifu waungama kwa dhati, kisha akasema jambo hili linagusa wote, kwa hiyo litaamuliwa na wote tutakaporudi: maaskofu, mapadre, waungama, na waumini waliosimama imara. Alikuwa amewaambia mapadre wake waziwazi kwamba tangu mwanzo wa uaskofu wake ameazimia kutofanya neno kwa maoni yake peke yake, bila shauri lao na bila ridhaa ya watu.

Je, aliishi hivyo daima? Hapana. Wakati uleule wa mafichoni aliteua wasomaji na mapadre kwa barua tu, akajieleza kwa nini hakuwauliza kwanza. Mmoja wa aliowateua ni Numidicus, aliyechomwa moto na kupigwa mawe, akamwona mkewe akiungua ubavuni mwake, naye akaachwa akidhaniwa amekufa mpaka binti yake alipokuja kutafuta maiti akamkuta anapumua. Nadhani Sipriani alijua anachofanya: alihitaji kando yake watu wenye makovu ambayo yeye hakuwa nayo.

Sinodi ikakaa Karthago mwaka 251. Waliopata vyeti bila kutoa dhabihu walipokewa baada ya kila mmoja kuchunguzwa. Waliotoa dhabihu waliwekwa kwenye kitubio hadi saa ya kufa. Mwaka mmoja au miwili baadaye, mateso mapya yaliponukia, hata hao wa pili wakafunguliwa mlango kama walikuwa wamedumu katika toba, kwa hoja kwamba huwezi kumpeleka mtu vitani bila silaha. Kundi la Karthago lililotaka msamaha wa haraka lilijitenga na kumweka askofu wake. Roma, padre Novatian alijitenga kwa sababu ya kinyume, kwamba walioanguka wasipokewe kamwe. Sipriani alibaki katikati akipigwa mawe pande zote mbili, na sina hakika kwamba mtu ambaye hakuwahi kukimbia angekuwa na subira ya kukaa pale.

Yaliyofuata nayapitia haraka. Ulikuja ugonjwa wa kuambukiza uliotapakaa katika dola nzima, na aliwahimiza Wakristo wahudumie hata wapagani, ambao jana yake tu walikuwa wakipiga kelele za simba. Wavamizi waliteka Wakristo huko Numidia, eneo jirani, na Kanisa la Karthago likachanga sesterti 100,000, sarafu za Kirumi, za kuwakomboa. Sipriani akatuma fedha pamoja na orodha ya majina ya waliochanga, waombewe. Kisha akagombana vikali na Papa Stefano juu ya ubatizo uliotolewa na waliojitenga. Sipriani alisema si ubatizo, akakusanya maaskofu 87 tarehe 1 Septemba 256 waseme hivyo, akafungua kikao kwa kutamka kwamba hakuna kati yao anayejifanya askofu wa maaskofu. Kila mtu alijua anamrushia nani jiwe hilo. Katika hoja yenyewe Kanisa la magharibi halikumfuata. Sinodi ya Arles, katika Ufaransa ya leo, ya mwaka 314 iliwaelekeza Waafrika waache desturi ile.

Sasa turudi kwenye kujificha kwa pili. Mwaka 257 Kaisari Valerian alianza kuwaandama viongozi wa Kanisa. Tarehe 30 Agosti liwali Paternus alimhoji Sipriani, akamtaka ataje mapadre wake. Alijibu kwamba sheria zenu wenyewe, tena vizuri kabisa, zinakataza wachongezi. Kwa hiyo siwezi kuwataja, ila mtawakuta katika miji yao. Akahamishiwa Curubis, mji wa pwani. Mwaka uliofuata amri ikawa kali: maaskofu, mapadre na mashemasi wauawe. Papa Sisto wa Pili aliuawa tarehe 6 Agosti 258. Sipriani alikuwa amerudishwa Karthago, anakaa kwenye bustani zake akingoja. Hapa utapata jibu la swali lako kuhusu Warumi. Shemasi wake Pontius anaeleza kwamba watu wa vyeo na wa ukoo mkubwa, urafiki wa zamani ukiwasukuma, walimjia wakampa mahali pa kujificha. Kwao hakuwa mwoga wala adui. Alikuwa mwenzao aliyepotelea kwenye dini ya ajabu. Naye hakuchukua nafasi hiyo.

Ila alijificha. Liwali mpya, Galerius Maximus, alikuwa Utica, mji jirani, akatuma watu wamlete huko. Sipriani akatoweka kwa siku kadhaa, akaandika barua yake ya mwisho kwa mapadre, mashemasi na watu wote. Anasema amekubali kuondoka bustanini kwa sababu moja: askofu inampasa kumkiri Bwana katika mji anaoliongoza Kanisa, si katika mji mwingine. Heshima ya Kanisa letu, anasema, itakatwa nikihukumiwa Utica. Anachosema askofu katika saa ile anakisema kwa kinywa cha wote. Liwali akirudi Karthago, nami nitakuwepo.

Mwalimu, weka hizo safari mbili pamoja. Mwaka 250 aliondoka Karthago kwa sababu, kwa maneno yake, kuwepo kwake kungewaumiza watu. Mwaka 258 alikataa kufa mbali na Karthago kwa sababu kifo chake kilikuwa chao. Mwoga hutafuta mahali ambapo hatakufa. Huyu alikuwa anachagua mahali pa kufia. Regulus alirudi Karthago kwa ajili ya kiapo chake na jina lake. Sipriani alirudi palepale kwa ajili ya watu waliokuwa na haki ya kumwona. Hayo ni maoni yangu, na usiyapokee bila tahadhari, kwa kuwa karibu yote tunayojua kuhusu 250 yanatoka kwenye barua zake mwenyewe. Mshtakiwa ndiye aliyetunza jalada. Hata Pontius, aliyeandika maisha yake muda mfupi baada ya kifo, anatumia nafasi kubwa kutetea kukimbia kule, dalili kwamba watu walikuwa bado wanauliza swali la kijana wako.

Liwali aliporudi, Sipriani alikamatwa bustanini tarehe 13 Septemba. Shauri likaahirishwa hadi kesho yake, akalala katika nyumba ya ofisa, na umati ukakesha nje barabarani. Mle ndani aliagiza wasichana waliokuwa kwenye umati walindwe. Asubuhi, mahojiano yalikuwa mafupi. Wewe ndiye Thascius Cyprianus? Ndimi. Makaisari wanakuamuru utoe dhabihu. Sitoi. Jifikirie. Fanya ulivyoamriwa, katika jambo lililo wazi namna hii hakuna la kufikiria. Hukumu ikasomwa: upanga. Hata hapo tabaka lake la Kirumi lilimfuata, kwa kuwa upanga ulikuwa kifo cha wenye heshima, na kutupwa kwa simba, kama umati ulivyolilia, kulikuwa kifo cha watu wa chini. Alijibu Deo gratias, yaani tumshukuru Mungu. Watu walipanda miti ili waone. Aliagiza mwenye upanga apewe sarafu 25 za dhahabu, na nguo zikatandazwa mbele yake zipokee damu. Usiku wakamzika kwa mishumaa na mienge.

Kuhusu tarehe: hiyo ilikuwa 14 Septemba 258, kijana yuko sahihi tena. Lakini tarehe 14 ni sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba, na kwenye kalenda ya Roma Sipriani anakumbukwa tarehe 16, pamoja na Papa Kornelio, rafiki yake aliyesimama naye dhidi ya Novatian. Kwa hiyo yule aliyesisitiza tarehe za wafiadini ziandikwe, yake yeye iliandikwa, kisha ikasogezwa siku mbili.